Walimu wa Shule Zetu: Jinsi Walivyokaa na Jinsi Walivyoondoka



 Katika kitabu hiki cha Jubilei wengine wameandika habari za makanisa yaliyojengwa, na wengine habari za mapadre na masista waliolala katika makaburi yetu. Sisi tumepewa kuandika habari za shule. Nasi tumeona si vema kuhesabu majengo na madarasa, maana hayo kila mtu ayaona kwa macho yake. Twataka kuuliza neno moja tu: mwalimu aliyetumwa Tarime au Serengeti alishikwa na nini hata akakaa, na alisukumwa na nini hata akaondoka? Sisi makatekista twaijua habari hii kwa upande wa ndani, kwa sababu hapo mwanzo katekista na mwalimu walikuwa mtu mmoja.

Misioni ya kwanza ya Kanisa letu katika nchi hii ya Mara ni Nyegina, iliyofunguliwa na Wapadre Weupe mwaka 1911. Kutoka huko, na baadaye kutoka misioni nyingine, walitumwa vijana waliokwisha kujua kusoma na kuandika, wakafundishe chini ya mti au katika kibanda cha nyasi. Kijana wa namna hiyo alifundisha Katekisimu asubuhi, akafundisha herufi baadaye, na jioni alilima. Malipo yake yalikuwa kidogo, fedha chache na nguo, pamoja na chakula walichompa watu wenyewe. Walakini alikuwa na kitu kimoja ambacho mwalimu wa leo hukikosa: alikuwa amejulikana. Padre alimjua kwa jina lake na jina la baba yake, akaja kumtazama kwa miguu au kwa baiskeli, akakaa naye, akala naye. Tusiseme kwamba jambo hili lilikuwa dogo. Wazee wengi waliotusimulia habari za siku zile hawakukumbuka sana kiasi cha mshahara, bali walikumbuka siku Padre alipofika akakuta mtoto wa mwalimu ni mgonjwa, akarudi usiku uleule kuleta dawa.

Kisha Serikali ya Waingereza ikaanza kuangalia shule. Mwaka 1924 ilifika tume kutoka Marekani, iliyoitwa Phelps-Stokes, na ndani yake alikuwamo Dk. Aggrey, Mwafrika wa Gold Coast. Mwaka 1925 wakuu wa Serikali na wa misioni walikutana Dar es Salaam, na sheria ya elimu ikatolewa mwaka 1927. Tangu hapo misioni zilipata ruzuku kwa shule zao, ila ruzuku hiyo ilifuata walimu wenye vyeti na shule zilizokaguliwa zikaonekana zafaa. Shule ya kibanda cha nyasi haikupata kitu.

Hapo ndipo lilipozaliwa jambo ambalo halijatutoka hata leo. Katika misioni moja walikuwapo walimu wa namna mbili. Mmoja alikuwa na cheti, na mshahara wake ulisaidiwa na Serikali. Mwingine hakuwa nacho, akalipwa na misioni kwa kadiri ya sadaka zilizopatikana. Wote wawili walipiga kengele saa ileile, wote wawili walisimama mbele ya watoto walewale. Yule wa pili, akiona mwenzake amenunua baiskeli, alifanyaje? Wengine walivumilia. Wengine walikwenda kusoma wapate cheti, na hili lilikuwa jema. Lakini wengi waliondoka, nasi hatuwezi kuwalaumu. Ruzuku iliyoletwa ili iwavute walimu wafanye bidii iliwavuta wachache, ikawachosha wengine.

Tena katika Tarime kulikuwa na mambo ya ng'ombe. Msomaji asiye wa huku atashangaa kuona ng'ombe wanaingia katika habari za shule, lakini Mkuria hatashangaa. Kijana hawezi kuoa bila ng'ombe wa mahari, na mahari katika Ukuria yalikuwa makubwa sana kushinda ya majirani wengi. Mwalimu kijana alihesabu: kwa mshahara huu, nikila na kuvaa, nitapata ng'ombe wangapi kwa mwaka? Upande wa pili aliwaona wenzake waliojiandikisha katika jeshi la King's African Rifles, maana Wakuria walipendwa sana na jeshi hilo, hasa wakati wa vita ya 1939 hata 1945. Wengine walikwenda machimboni. Hao walirudi na fedha taslimu, wakanunua ng'ombe, wakaoa, wakakaa barazani na wazee. Mwalimu, ambaye alijua kusoma barua zao walipokuwa mbali, alibaki mseja. Basi mkuu wa misioni aliyekuwa na akili hakumhubiria kijana kama huyo habari za subira peke yake. Alimsaidia kuweka akiba, alimpa shamba karibu na shule alime, akamkopesha. Mkuu asiyeijua mila ya nchi alidhani kijana ameondoka kwa tamaa.

Mwaka 1946 Mapadre wa Maryknoll kutoka Marekani walishika kazi katika Musoma, na mwaka 1957 Musoma ikawa Jimbo kamili, Askofu wake wa kwanza akiwa John Rudin. Katika miaka hiyo shule ziliongezeka, na Padre wa misioni akawa pia meneja wa shule. Neno hilo meneja yafaa tulieleze, kwa sababu vijana wa leo hawalijui katika maana hiyo. Yeye ndiye aliyeajiri mwalimu, ndiye aliyemlipa, ndiye aliyempa nyumba, ndiye aliyemhamisha, ndiye aliyemfukuza. Na siku ya Jumapili ndiye aliyemkomunisha. Madaraka yote hayo yalikuwa katika mkono mmoja.

Nidhamu yake basi ilikuwa kali, tena ilifika mpaka ndani ya nyumba. Mwalimu aliyeoa mke wa pili aliondolewa kazini. Mwalimu mlevi aliondolewa. Aliyekosa Misa bila sababu aliulizwa. Na kwa kuwa nyumba ilikuwa ya misioni, aliyeondolewa kazini aliondolewa na nyumbani, yeye na mkewe na watoto. Sisi tulio watoto wa Kanisa hatuna budi kusema kweli katika mwaka wa Jubilei: nidhamu ile ilileta shule zilizofunguliwa kwa saa, watoto waliojua kusoma, na walimu walioheshimiwa hata na wapagani, lakini ilileta hofu pia, na mtu mwenye hofu hujifunza kuficha. Walikuwapo walimu waliokaa miaka mingi kwa moyo, na walikuwapo waliokaa kwa sababu hawakuwa na mahali pa kwenda. Katika daftari la meneja wote wawili waliandikwa sawasawa.

Mfano wa mtu aliyekaa kwa moyo tunao karibu, naye ni mwana wa nchi hii. Julius Nyerere wa Butiama alianza shule Mwisenge mwaka 1934, akabatizwa Nyegina mwaka 1943, na alipotoka Makerere alitakiwa na shule mbili za Tabora, ya Serikali na ya misioni. Yasimuliwa kwamba ofisa mmoja wa Serikali alimwandikia kumwonya kuwa miaka ya kufundisha katika shule ya misioni haitahesabiwa katika pensheni yake. Nyerere akajibu kwamba kama alikuwa na mashaka, barua hiyo imeyaondoa, akaenda St. Mary's, shule ya misioni, mwaka 1946. Twaona hapa kwamba yuko mtu ambaye ukimtisha kwa fedha umemfukuza. Padre Richard Walsh, aliyekuwa mkuu wa shule ile, alimtendea kwa njia nyingine: alimpa kazi ya kweli, akamwamini, kisha akasaidia apate kwenda kusoma Edinburgh mwaka 1949. Kumwachilia mwalimu mzuri aende kusoma ni kazi ngumu kwa mkuu wa shule, maana nafasi yake hubaki tupu na watoto wanangoja. Walsh alimwachilia.

Aliporudi, Nyerere alifundisha Pugu. Mwezi wa Machi 1955 alilazimika kuchagua kati ya ualimu na siasa, akaacha kazi, akarudi kwao. Wapadre wa Maryknoll wa Musoma walimpokea, wakampa kazi ya kumfundisha Padre Arthur Wille lugha ya Kizanaki na kutafsiri maneno ya dini, wakamlipa. Huyo ndiye mwalimu mmoja ambaye hakuna mshahara wowote wala nidhamu yoyote ingaliweza kumshika darasani, na pengine ilikuwa vema hakushikwa.

Baada ya Uhuru mambo yaligeuka upesi. Mwaka 1962 uliundwa utumishi mmoja wa walimu, hata yule wa misioni na yule wa Serikali wakawa katika masharti mamoja. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikazitia shule za misioni katika mikono ya Serikali. Wapo Wakristo waliolia siku hizo, wakiona shule walizozijenga kwa mawe waliyobeba kichwani zinabadilishwa ubao wa jina. Lakini twapaswa kukumbuka kwamba walimu wengi hawakulia. Sasa mtu aliweza kukosana na Padre bila kukosa nyumba.

Hasara ilikuwa kwingine, nayo haikuonekana mara moja. Zamani aliyemlipa mwalimu alikuwa karibu. Sasa alikuwa mbali. Mwalimu mkuu, ambaye kila siku alimwona mwalimu, hakuwa na senti ya kumpa wala uwezo wa kumhamisha. Alibaki na maneno tu. Na tangu siku hizo hata sasa, kazi ya mwalimu mkuu katika shule ya Serikali imekuwa hivyo: kuongoza watu ambao mshahara wao hautoki mkononi mwake.

Kisha, mwezi wa Novemba 1974, katika mji wetu wa Musoma, chama cha TANU kiliazimia kwamba watoto wote wa nchi waingie shule kufikia mwaka 1977. Azimio la Musoma lilileta furaha kubwa vijijini, na shida kubwa shuleni, maana watoto walikuja na walimu hawakuwapo. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa ualimu huku wakifundisha, kwa vitabu vya posta, kwa redio, na kwa wakufunzi waliowazungukia. Watu wengine waliwadharau na kuwaita walimu wa UPE kama kwamba ni tusi. Sisi hatuwadharau. Wengi wao walikuwa wana wa kijiji kilekile, wenye shamba na jamaa hapo hapo, na kwa sababu hiyo hawakuondoka. Wakati wenye vyeti vikubwa walipopangiwa ng'ambo ya mto Mara wakafika, wakaona hakuna nyumba wala maji, wakaomba uhamisho kabla ya kufungua sanduku, mwalimu wa UPE alikuwa anapiga kengele. Elimu yake ilikuwa na upungufu, naam. Lakini mtoto hafundishwi na mwalimu mwenye digrii aliyeko Mwanza.

Miaka ya themanini ilikuwa ya taabu. Mshahara ulishuka thamani, ukachelewa, na mwisho wa mwezi walimu walifunga safari kwenda Tarime mjini au Mugumu kuufuata. Safari ya siku moja ikawa siku tatu. Walimu wakauza maandazi, wakalima tumbaku na mahindi, wakafundisha kwa malipo ya pembeni jioni yale ambayo hawakuyafundisha asubuhi. Sisi wenyewe tulisoma baada ya taabu hiyo kuzidi, katika shule moja ya milimani ambayo hatutaitaja. Mwalimu mkuu wake alikuwa mtu wa nidhamu. Saa moja na nusu kamili alipiga mstari mwekundu katika kitabu cha mahudhurio, na aliyefika baada ya hapo aliandika jina lake chini ya mstari. Kisha, mbele yetu watoto tuliosimama mstarini, aliyasoma majina ya walimu walio chini ya mstari. Tulicheka. Mwalimu wetu wa Hesabu, ambaye alitembea kutoka mbali akivuka mto, alisomwa mara tatu katika juma moja la mvua. Juma la pili hakuja, wala hakuja tena. Tulimaliza darasa la saba bila mwalimu wa Hesabu, na mstari mwekundu uliendelea kupigwa kila asubuhi, umenyooka vizuri.

Hatusemi kwamba mstari ule ni mbaya. Shule isiyo na saa si shule. Kosa lilikuwa ni kumwaibisha mtu mzima mbele ya watoto anaopaswa kuwafundisha, na kutouliza mto umejaaje.

Sheria zenyewe hazitaki hivyo. Kwa sheria ya mwaka 1989, na baadaye kwa sheria ya mwaka 2015 iliyounda Tume ya Utumishi wa Walimu, nidhamu ya mwalimu ina ngazi zake. Makosa madogo hushughulikiwa na mkuu wa shule mwenyewe kwa onyo au karipio, kwa maandishi, na mwalimu hupewa nafasi ya kujibu. Makosa makubwa, kama utoro wa siku nyingi bila ruhusa au kumharibu mwanafunzi, hupelekwa mbele ya Tume wilayani, nayo yaweza kumshusha au kumfukuza. Hili la mwisho, la kumharibu mwanafunzi, lisifanyiwe upole hata kidogo, wala wazazi wasikubali kulimaliza kwa ng'ombe nyumbani. Lakini kwa makosa mengine twaona walimu wakuu wengi huruka ngazi: ama hunyamaza mwaka mzima kwa kuogopa ugomvi, ama siku moja hukasirika na kuandika barua wilayani. Mwalimu aliyenyamaziwa mwaka mzima huiona barua hiyo kuwa ni uadui.

Katika habari za motisha, watu hudhani ni fedha tu. Fedha ni neno kubwa, tusijidanganye. Mgodi wa Nyamongo ulipofunguliwa mwaka 2002 kila mwalimu wa Tarime aliona kwa macho kwamba fundi au dereva hupata kumshinda. Hakuna mwalimu mkuu awezaye kushindana na mgodi. Lakini anaweza mambo mengine. Anaweza chai. Wasomaji wasicheke. Chai ya saa nne katika ofisi ya walimu, na kiazi au andazi, ni kitu kinachowafanya watu kumi walioamka alfajiri kukaa pamoja na kuzungumza, na shule isiyo na chai utaiona walimu wake wametawanyika kila mtu upande wake. Chai hiyo katika shule nyingi ilitoka katika michango ya wazazi. Ada na michango ilipoondolewa tangu Januari 2016, watoto wengi maskini waliingia shule, nasi tulimshukuru Mungu. Lakini birika nyingi zilikauka. Walimu wakuu wenye ujuzi walifanya shamba la shule au walichangishana wao kwa wao. Wengine walisema tu: Serikali imekataza.

Kuna shule za sekondari ambazo huwapa walimu fedha kwa kila alama ya A inayopatikana katika somo lao. Tumeuliza walimu juu ya desturi hii, na tumeona ina sura mbili. Mwalimu wa kidato cha nne hupokea bahasha siku ya matokeo. Mwalimu aliyewafundisha watoto haohao kidato cha kwanza, walipokuwa hawajui hata lugha ya kufundishiwa, hapokei kitu. Ni ileile habari ya cheti na kibanda cha nyasi. Mkuu mmoja wa shule, mwanamke, alitusimulia kwamba aliacha bahasha, akanunua mbuzi wawili, wakala walimu wote pamoja na mlinzi na mpishi. Mwaka uliofuata hakuna aliyeomba uhamisho. Hatusemi ni kwa sababu ya mbuzi peke yake.

Tena wakuu wa shule wa Tarime wapaswa kujua majira ya nchi. Mwaka wa saro, wakati vijana wanapoingia jandoni, madarasa hubaki nusu. Mwalimu mgeni kutoka mkoa mwingine hushtuka, huogopa, na akilaumiwa kwa darasa tupu huandika barua ya uhamisho. Mkuu mwenye busara huenda kwa wazee mapema, huzungumza nao barazani, hupanga masomo kabla ya siku hizo, na humtembeza mwalimu mgeni kijijini ili watu wamjue. Huko Serengeti, katika vijiji vilivyo mpakani mwa hifadhi, adui wa mwalimu ni tembo. Mwalimu hulima ekari moja ili mshahara utoshe, na usiku mmoja tembo humaliza yote. Mkuu wa shule hawezi kumzuia tembo. Lakini asubuhi ile anaweza kwenda kulitazama shamba pamoja naye kabla ya kumwuliza kwa nini amechelewa.

Na sisi wa parokia tunahusika wapi? Tangu mwaka 1992, makanisa na Serikali yalipotia sahihi mapatano ya kusaidiana katika elimu na afya, Jimbo limekuwa tena na shule zake, na Masista wa Moyo Safi wa Maria, waliozaliwa katika nchi hii, wanafundisha humo. Hata hivyo watoto wetu walio wengi wako katika shule za Serikali, na huko hatuna meneja wala bahasha. Tunayo mikono.

Kigango kimoja katika wilaya ya Serengeti kiliona shule ya jirani inapoteza walimu kila mwaka kwa kukosa nyumba. Wakristo, pamoja na Waislamu wachache na wale wasio na dini, wakafyatua matofali, wakajenga nyumba ya vyumba viwili, na parokia ikatoa mabati. Kulikuwa na ugomvi juu ya nani akae ndani, na mwalimu mkuu, badala ya kuichukua yeye, akampa mwalimu mwanamke wa darasa la kwanza, mwenye mtoto mchanga, ambaye alikuwa amekwisha kuandika barua ya kuondoka. Barua ile ilikaa katika saraka ya mwalimu mkuu. Alituonyesha, bado haijagongwa mhuri. Tulipopita hapo wakati wa Kwaresima tulimkuta mama yule nyuma ya nyumba anapalilia mtama, na mtoto wake, ambaye sasa yuko darasa la tatu, alikuwa anateka maji.